Je, Ndugu Wanaoaminiana Wanahitaji Daftari?

Kuna swali ambalo nimeulizwa mara nyingi katika miaka yangu ya kufundisha, na aghalabu muulizaji huwa ni ndugu aliyeingia katika dini karibuni. Swali hilo haliji wakati wa mahubiri. Huja pale watu wanapoanzisha mfuko wao mdogo wa kuzikana, au wa kukopeshana fedha za mbegu, au wa kujenga chumba cha kusomeshea watoto. Mtu mmoja huinuka akapendekeza kwamba kila atoaye apewe stakabadhi, na hesabu zisomwe mbele ya wote kila mwezi. Hapo ndugu yule mpya hushtuka. "Mwalimu," husema, "mimi nimekuja huku kwa kuwa niliona watu wanaopendana. Leo twaandikiana kama watu wa sokoni wasiojuana. Ndugu kwa ndugu, daftari la nini?"

Swali hili halifai kudharauliwa, maana latoka katika moyo mwema. Tena wako wazee wa siku nyingi wanaofikiri vivyo hivyo, ila wao huona haya kusema. Kwa hiyo somo letu safari hii ni juu ya jambo hilo: kuaminiana ni mali ya namna gani, huzidi kwa sababu gani, na hupotea vipi.

Nitakumbusha jambo moja tu la dini, kisha nitaliacha. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, nayo imo katika Sura Al-Baqara, haihusu Sala wala Hija. Yahusu kuandika deni la muda na kuweka mashahidi. Waliosemeshwa kwanza kwa aya hiyo walikuwa masahaba, na miongoni mwao wamo watu walioacha nyumba na mali zao kwa ajili ya imani. Lau udugu ungetosha mahali pa daftari, wao ndio wangesamehewa kuandika. Sasa na tuwasikilize watu wa elimu ya uchumi, ambao wamefika karibu na mahali hapo kwa njia nyingine kabisa.

MALI ISIYOONEKANA

Mwaka 1916 msimamizi wa shule za mashamba katika jimbo la West Virginia, Marekani, jina lake L. J. Hanifan, aliandika kwamba kijiji kina mali mbili. Iko mali ya ardhi, nyumba na fedha, na iko mali ya nia njema, urafiki, kuhurumiana na kutembeleana. Akasema kuwa hii ya pili nayo ni mtaji, kwa sababu wenye nayo huweza kufanya mambo ambayo wasio nayo hawawezi, ijapokuwa mifuko yao ina fedha sawasawa. Wataalamu wa leo huuita mtaji wa kijamii. Jina hilo si zuri sana masikioni, lakini maana yake ni nyepesi: ni faida ile ambayo mtu huipata kwa kuwa anaaminika, na kwa kuwa anakaa kati ya watu wanaoaminika.

Mwanachuoni mwingine wa Marekani, James Coleman, alitoa mfano mashuhuri mwaka 1988. Katika mji wa New York wako wafanyabiashara wa almasi, wengi wao Mayahudi. Mmoja akitaka kumwuzia mwenzake, humkabidhi mfuko mzima wa vito akaukague faraghani kwa nafasi yake, bila hati wala dhamana. Mwenye kupokea angeweza kutoa jiwe moja zuri akatia bovu. Hafanyi. Na kwa kuwa hafanyi, soko lao haliingii gharama ya mawakili, walinzi na bima, nalo hushinda masoko mengine.

Hapa ndugu yule muulizaji atafurahi aseme: "Umeona? Hao hawaandikiani!" Kweli, hawaandikiani. Lakini Coleman alieleza pia kwa nini. Watu hao huoana wao kwa wao, hukaa mtaa mmoja, na husali katika nyumba za ibada zile zile. Atakayeiba jiwe leo, kesho binti yake hataposwa, wala yeye mwenyewe hatapata wa kukaa naye. Basi wao nao wana daftari, ila halikuandikwa kwa wino. Daftari lao ni macho ya mtaa mzima, nalo hufunguliwa kila siku. Anayetaka kuiga biashara yao bila stakabadhi, ajiulize kwanza kama ana macho hayo.

HESABU YA UPATU

Tuache almasi, tuje kwenye jambo ambalo kila mwanamke wa mjini analijua. Upatu haukuanza kwetu peke yetu. Watu wa Asia, Afrika Magharibi na visiwa vya Karibi wanao tangu zamani, na wanachuoni wa uchumi wameuandikia vitabu. Wengi huuona kama mchezo tu. Lakini hebu tupige hesabu.

Watu 12 kila mmoja anataka cherehani ya shilingi 120,000, na kila mmoja aweza kuweka shilingi 10,000 kwa mwezi. Kama kila mtu ataweka peke yake chini ya godoro, wote 12 watapata cherehani mwezi wa 12. Sasa wakiunganisha, mwezi wa kwanza zipo shilingi 120,000, na mmoja ananunua. Mwezi wa pili mwingine, hata mwisho. Yule wa mwisho kabisa anapata mwezi wa 12, yaani siku ile ile ambayo angeipata kama angekuwa peke yake. Hakupoteza kitu. Wengine wote 11 wametangulia, na kwa wastani kikundi kimengoja miezi sita na nusu badala ya 12. Hakuna benki iliyowakopesha, wala riba iliyolipwa. Muda ule wa kufanya kazi na cherehani mapema umetoka wapi? Umetoka katika kuaminiana. Hii ndiyo maana ya kusema kuwa uaminifu ni mali: si usemi wa kupamba hotuba, ni miezi inayohesabika.

Lakini tazama pia upande wa pili. Yule aliyepokea mwezi wa kwanza amekwisha pata cherehani yake, na mbele yake iko miezi 11 ya kutoa bila kupokea. Kwa hesabu ya tamaa tupu, faida yake ni kuhama mtaa. Na wote wakijua kwamba hesabu yake ni hiyo, hakuna atakayekubali kuanza. Basi faida yote ile ya miezi mitano na nusu imesimama juu ya jambo moja, kwamba wa kwanza ataendelea kutoa. Nini kinachomfanya aendelee?

Jawabu la upesi ni "tabia yake njema". Ndilo jawabu la ndugu yule, na sitalikataa. Nasema tu kwamba halijakamilika.

KOPO LA CHAI

Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha dini ng'ambo, tulikuwa 11 katika bweni moja, na tulikuwa na kopo la fedha za chai na sukari lililowekwa kando ya birika. Kila juma mtu atie sarafu yake. Hakukuwa na mwandishi wala mlinzi, kwani tulikuwa wanafunzi wa dini! Juma la kwanza kopo lilijaa. Juma la tatu sukari ilikwisha siku ya tano. Juma la sita hapakuwa na majani ya chai, na vijana waliosali bega kwa bega alfajiri walikuwa hawaangaliani usoni wakati wa kifungua kinywa.

Mimi nilikuwa mmoja wa walioacha kutoa. Sikuacha kwa kukosa fedha, wala sikukusudia kula jasho la wenzangu. Niliacha kwa kuwa niliamini kwamba natoa peke yangu, nikachukia kuwa mjinga wa bweni. Baadaye, tulipozungumza, niligundua kwamba wenzangu wasiopungua wanne walikuwa wameacha kwa sababu hiyo hiyo, na kila mmoja alidhani yeye ndiye aliyekuwa mtoaji wa mwisho. Aliyetuponya ni mwanafunzi mkubwa kwetu kwa umri, mtu wa maneno machache. Alibandika karatasi ukutani juu ya birika, yenye majina yetu 11 na nafasi ya kutia alama kila juma. Hakuweka faini, wala hakumsuta mtu. Jioni ile ile kopo lililia.

Miaka mingi nilidhani hii ilikuwa aibu ya bweni letu tu, mpaka niliposoma kazi ya Ernst Fehr na Simon Gächter, walioitoa mwaka 2000 kutoka Zurich, Uswisi. Wao waliwakalisha watu wasiojuana katika makundi ya wanne. Kila mmoja alipewa vipande 20 vya hesabu, ambavyo mwishoni hubadilishwa kuwa fedha halisi. Kila kipande kinachotiwa katika mfuko wa pamoja hukua, kikawa kipande kimoja na sehemu sita za kumi, kisha hugawanywa sawa kwa wote wanne, aliyetoa na asiyetoa. Wote wakitoa vyote, kila mmoja hupata 32. Wote wakizuia, kila mmoja hubaki na 20 zake. Lakini watatu wakitoa vyote na mmoja akizuia, watatu wale hupata 24 kila mmoja, na mzuiaji huondoka na 44.

Basi ikawaje? Mwanzoni watu walitoa wastani wa kama nusu ya walichokuwa nacho, nalo ni jambo la kutia moyo, maana hesabu ya tamaa ilikuwa inawaambia wasitoe hata kimoja. Lakini zamu ziliporudiwa mara kumi, utoaji ulishuka na kushuka, na katika zamu ya mwisho walio wengi hawakutoa kitu. Ndilo kopo letu la chai, lililopimwa kwa namba.

Mwaka uliofuata Gächter na Fehr, pamoja na Urs Fischbacher, walitaka kujua ni watu gani hasa wanaoacha. Wakaona kwamba kama nusu ya watu si wabinafsi, wala si watoaji wa daima kwa hali yoyote. Ni watoaji wa sharti: hutoa zaidi wakiona wenzao wanatoa, na hupunguza wakiona wenzao wanapunguza. Wasiotoa kabisa walikuwa chini kidogo ya thuluthi. Zamani katika Kiswahili cha siasa watu wa namna hiyo waliitwa kupe, na ilidhaniwa kwamba ukiwatoa kupe kazi imekwisha. Utafiti huu waonyesha jambo la kusikitisha zaidi. Kinachoua mfuko si kupe mmoja, bali ni watu wema kumi wanaomtazama.

Kisha Fehr na Gächter waliongeza jambo moja katika mchezo. Baada ya kila zamu, kila mtu aliona wenzake wametoa nini, na akaruhusiwa kumpunguzia mwenzake fedha, lakini kwa kulipa sehemu kutoka katika fedha zake mwenyewe. Kwa hesabu ya tamaa hakuna ambaye angelipa ili kumkosoa mwingine. Nao walilipa! Na utoaji, badala ya kushuka, ukapanda zamu baada ya zamu, na katika makundi yaliyokaa pamoja ulikaribia ukamilifu.

Yapasa kuwa waangalifu hapa, watu wasije wakadhani dawa ni faini. Mwaka 2008 Benedikt Herrmann na Christian Thöni, pamoja na Gächter yule yule, walitoa habari za mchezo huo ulipochezwa na wanafunzi katika miji 16, kutoka Boston na Copenhagen mpaka Athens na Muscat. Katika baadhi ya miji hiyo, wale waliokosolewa kwa kutotoa waligeuka wakawaadhibu waliotoa sana, kana kwamba kutoa kwao kulikuwa kiburi, na hapo utoaji haukupanda. Tusiwacheke watu wa miji hiyo. Nani kati yetu hajasikia katika mkutano, "Nani amekufanya wewe polisi wetu"? Lawama huponya tu pale ambapo anayelaumiwa anakubali kuwa kanuni iliyovunjwa ni yake pia. Karatasi ya bweni ilikuwa na nguvu kwa kuwa jina la aliyeibandika lilikuwa la kwanza kabisa, na alama yake ilikuwa imekwisha tiwa.

NG'OMBE WA TÖRBEL NA MKOPO WA RAIFFEISEN

Michezo ya vyuoni haitoshi kumshawishi mkulima, naye ana haki. Basi twende penye ng'ombe na maziwa.

Mwaka 1968 Garrett Hardin wa Marekani aliandika makala iliyosomwa dunia nzima, akasema kuwa malisho ya shirika hayana budi kuharibika, maana kila mfugaji ataongeza ng'ombe mmoja, na mwingine, mpaka nyasi ziishe. Akaona kuwa njia ni mbili tu, malisho yawe mali ya mtu binafsi au yatawaliwe na serikali. Wengi walimwamini. Lakini mwanachuoni mwanamke, Elinor Ostrom, hakutosheka na hoja ya mezani. Alikusanya habari za malisho, misitu na mifereji halisi ya nchi nyingi, akazitia katika kitabu mwaka 1990, na mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupewa tuzo ya Nobel ya uchumi.

Mojawapo ya mifano yake ni kijiji cha Törbel katika milima ya Uswisi. Hati za wanakijiji za malisho ya shirika zipo tangu mwaka 1483. Mwaka 1517 waliweka kanuni ambayo mtoto aweza kuielewa: hakuna mtu atakayepeleka mlimani wakati wa joto ng'ombe wengi kuliko wale awezao kuwalisha kwa majani yake mwenyewe wakati wa baridi. Ng'ombe huhesabiwa, na kila mtu anajua jirani yake ana ghala la majani la ukubwa gani. Aliyezidisha alitozwa faini na mtumishi wa kijiji, na mtumishi huyo aliruhusiwa kuchukua nusu ya faini iwe haki yake. Jambo hili la mwisho lanifurahisha sana. Watu wa Törbel walikuwa wacha Mungu wenye kanisa lao, lakini hawakumwambia mkaguzi afanye kazi kwa thawabu peke yake. Na majani ya mlima ule hayakuisha kwa karne nyingi.

Mfano wa pili ni wa Friedrich Wilhelm Raiffeisen, nao wastahili tukae nao kidogo, kwa sababu yeye alianza mahali alipo ndugu yetu muulizaji. Raiffeisen alikuwa meya wa vijiji vya Ujerumani magharibi na Mkristo wa moyo wote. Wakati wa njaa ya mwaka 1846 na 1847, akiwa Weyerbusch, aliwakusanya watu wenye uwezo wakachanga, wakajenga tanuri, na masikini wakapata mkate. Mwaka 1849, huko Flammersfeld, aliwashawishi tena wenye uwezo wadhamini fedha za kuwanunulia wakulima ng'ombe, ili waokoke mikononi mwa wakopeshaji wa riba kubwa. Mwaka 1854, huko Heddesdorf, akaanzisha chama cha tatu cha hisani. Vyote vilisimama juu ya huruma ya wenye nacho, na kwa kadiri miaka ilivyopita huruma ile ilichoka. Wenye nacho walianza kujitoa mmoja mmoja. Hawakuwa waovu, walikuwa watoaji wa sharti, nao hawakuona wapokeaji wakitia chochote.

Hapo Raiffeisen akabadili msingi, ijapokuwa kwa shingo upande, maana alipenda sana njia ya hisani. Mwaka 1864 chama cha Heddesdorf kiligeuzwa kuwa cha kukopeshana, na wakopaji wenyewe wakawa wanachama. Kila mwanachama alikuwa mdhamini wa deni la chama kwa mali yake yote. Chama kikianguka, shamba lake na nyumba yake vingeweza kuchukuliwa. Chama kilikuwa cha kijiji kimoja tu. Viongozi hawakulipwa mshahara, ila mweka hesabu. Sasa fikiri: jirani yako amekopa fedha za ng'ombe, na deni lake likipotea, nawe utalilipa. Je, hutachungulia uone kama zizini kuna ng'ombe? Hutamsaidia ng'ombe akiugua? Kuchungulia na kusaidia vimekuwa kitu kimoja. Raiffeisen alipofariki mwaka 1888, vyama vya namna hii vilikuwa vimekwisha enea sana Ujerumani, na leo benki zenye jina lake zipo katika nchi kadhaa za Ulaya. Hisani ya miaka 18 ilimfundisha jambo ambalo hakulitaka, kwamba udugu unaompa mtu mkate bila kumpa wajibu humweka nje ya mlango, ingawa anakula.

BUSIA NA MEATU

Kufika hapa ndugu mmoja wa mjini aweza kusema: "Kijiji kimoja, sawa. Lakini sisi kikundini tuna Mluhya, Msukuma, Mdigo na Mhindi. Macho ya mtaa tutayapata wapi?" Hili ndilo swali zito kuliko yote, na kwa bahati limechunguzwa hapa hapa kwetu.

Mwanachuoni Edward Miguel alilinganisha wilaya mbili, Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania, katika miaka ambayo shule za msingi zilitegemea sana michango ya wazazi. Katika Busia alikuta kwamba mahali penye makabila mengi michango ilikuwa haba kuliko penye kabila moja. Yeye na Mary Kay Gugerty walisoma hata kumbukumbu za kamati za shule, na wakatoa matokeo mwaka 2005. Sababu haikuwa kwamba watu waliwachukia watoto wa kabila jingine. Sababu ilikuwa kwamba mzazi hakuthubutu kumkumbusha mzazi wa kabila jingine deni lake. Mahali pa kabila moja majina ya wasiolipa yalitajwa barazani. Penye mchanganyiko watu walinyamaza kwa kuogopa kuitwa wachokozi. Ukimya ule wa adabu ndio uliopunguza madawati.

Katika Meatu hali haikuwa hivyo. Matokeo aliyoyatoa mwaka 2004 yalionyesha kuwa vijiji vya mchanganyiko havikuwa nyuma ya vingine. Miguel aliona sababu yake katika miaka mingi ya siasa ya kujenga taifa: Kiswahili shuleni na ofisini, mafundisho ya shule yaliyo sawa nchi nzima, na serikali za vijiji badala ya machifu. Watu walikuwa na lugha ya kuambiana, "Ndugu, mchango wako bado," na neno hilo lisisikike kama tusi la kabila.

Lakini isidhaniwe kuwa dola ikiamuru, kuaminiana hupatikana. Tanzania hiyo hiyo ilivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, na kati yake kimo chama cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilichoundwa mwaka 1933. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha. Kwa maoni yangu, sheria yaweza kurudisha jina na jengo kwa siku moja. Desturi ya mwanachama kukifungua kitabu cha chama chake na kuuliza hairudi kwa muhuri.

SANDUKU LENYE KUFULI TATU

Nimekwisha ona kikundi cha waumini kikivunjika, sitakitaja ni wapi, na mweka hazina wake hakuwa mwizi. Alikuwa mzee mwaminifu aliyeweka fedha mfukoni mwa kanzu na hesabu kichwani. Miaka miwili hakuna aliyemwuliza, kwa heshima. Mwaka wa tatu fedha hazikulingana na matumaini ya watu, naye hakuwa na karatasi ya kujitetea. Hakuna aliyemshitaki. Watu waliacha tu kuja, na mzee yule alikufa na jina lililotiwa doa ambalo daftari la shilingi chache lingelisafisha. Kwa hiyo ndugu anaponiambia kuwa kudai hesabu ni dhana mbaya, mimi humkumbuka mzee huyo. Sisi ndio tuliomwacha bila mlinzi.

Mwaka 1991, katika jimbo la Maradi nchini Niger, shirika la CARE lilianzisha na wanawake wa vijijini namna ya kuweka na kukopa ambayo sasa imeenea Tanzania, Kenya na Uganda. Fedha hukaa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu hushikwa na wanawake watatu, na sanduku hukaa kwa mwingine. Halifunguliwi ila mbele ya wote. Kila fedha inayoingia au kutoka huhesabiwa kwa sauti, na hata asiyejua kusoma hukariri kiasi kilichobaki hadi mkutano ujao. Baada ya muda wa kama mwaka mmoja mfuko wote hugawanywa na hesabu huanza upya, ili kosa lisijifiche chini ya miaka. Mwenye ufunguo halali na hofu, kwa sababu hata akitaka kuiba hawezi, na kila mtu anajua kuwa hawezi.

Ndugu wanaotaka kuanza hawahitaji sanduku la chuma siku ya kwanza. Kama hawajajuana vizuri, mzunguko wa kwanza na uwe mfupi na wa fedha kidogo, kwa mfano majuma 12 badala ya miezi 12, ili gharama ya kugunduana iwe ndogo. Kiasi kiongezwe mzunguko unaofuata. Majina na alama viwekwe mahali ambapo kila mtu ataviona bila kuomba ruhusa. Anayechelewa aulizwe kwanza kama amefiwa au anauguza, kabla ya kuulizwa fedha, lakini aulizwe juma hilo hilo, si mwezi wa pili. Hesabu zisomwe hata kama mweka hazina ni mwalimu wa dini, na yeye ndiye wa kuomba zisomwe. Na katika mzunguko huo wa kwanza, aliyewaita wenzake ashike zamu ya mwisho.